Simtanki lina maji, koki haitoi: kutafuta chanzo cha tatizo na kulikausha tangi lote

Maji yakigoma nyumbani, wa kwanza kulaumiwa ni pampu. Mafundi wengi hawakubishii, maana pampu ndiyo yenye bei. Ila ukiniuliza mimi, pampu ni ya kukaguliwa mwisho, na tangi la plastiki lenyewe haliharibiki ovyo. Vinavyosumbua ni vidude vidogo vya kuingizia na kutolea maji: boya, valvu, yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka), kitundu cha hewa, pamoja na tope lililolala chini tangu tangi linunuliwe. Haya ni matatizo ninayokutana nayo zaidi kwenye nyumba za Dar es Salaam zenye tangi la lita 1,000 hadi 5,000, lililowekwa juu ya mnara au lililo chini na kusukumwa kwa pampu. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayoiona ukiwa umesimama jikoni na sufuria tupu.

Kwanza ujue maji yameishia wapi

Usibahatishe. Mchana jua likiwa limewaka, weka kiganja ubavuni mwa tangi, anzia juu ushuke taratibu. Penye hewa tupu plastiki ni ya moto; ukifika usawa wa maji inapoa ghafla, na mpaka huo unausikia kabisa mkononi. Asubuhi au usiku, gonga kwa kifundo cha kidole: patupu panalia, penye maji pananyamaza. Kama tangi liko kwenye mnara na ngazi yenyewe ni mbao zilizooza, usipande. Fungua koki ya chini kuliko zote kati ya zinazolishwa na tangi, ile ya uani. Ikitoa maji vizuri, tangi lina maji na tatizo liko mbele yake.

Maji yapo, koki hazitoi

Uliza swali moja: ni koki zote au moja? Ikiwa ni moja tu, fungua kichujio cha mdomoni mwake, utakuta mchanga na vipande vya uzi mweupe ambao fundi alizungushia nyuzi za bomba. Suuza, rudisha, umemaliza.

Ikiwa ni zote, nenda kwenye geti valvu iliyo chini ya tangi. Hizi za mkono wa kuzungusha zina ugonjwa wao: ile sahani ya ndani hukatika kutoka kwenye msumari wake, basi wewe unazungusha, mkono unafunguka kama kawaida, na sahani imebaki chini imeziba. Dalili yake ni mkono unaozunguka kilaini bila kukaza popote, si juu si chini. Ukiibadilisha, weka ya kishikio cha robo mzunguko. Kishikio kikilala sambamba na bomba iko wazi, kikikingama imefungwa, hata mtoto anaisoma.

Valvu ikiwa nzima, mshuku hewa. Tangi likikauka kabisa kisha likajazwa tena, hewa hunaswa kwenye sehemu ya bomba inayopanda kisha kushuka, kwa mfano linaporuka juu ya mlango au kupita darini. Maji ya mnara mfupi hayana nguvu ya kuisukuma. Dawa yake ni kurudisha maji kinyume: chukua mpira wa kumwagilia, unganisha koki nyingine, inayotoa maji ya mtaani moja kwa moja bila kupitia tangini, na koki ya jikoni iliyogoma, fungua zote mbili pamoja na valvu ya tangi, uache dakika mbili tatu. Utasikia tangi likigugumia. Hewa inatokea juu. Fanya hivyo maji ya mtaani yakiwa masafi na yana presha, la sivyo unasukuma taka ndani ya mabomba yako mwenyewe.

Bomba la mvua la bafuni kutoa maji kidogo si lazima liwe tatizo. Kila mita 10 za kimo zinaleta presha ya takriban baa 1, maana yake mita moja ni sehemu ya kumi tu ya baa. Mnara wa mita 3, na kichwa cha bomba la mvua kiko mita 2 kutoka sakafuni: umebaki na mita moja pamoja na kina cha maji yaliyomo tangini. Hapo hakuna cha kutengeneza. Utaongeza kimo cha mnara au utaweka pampu ndogo ya kuongeza presha, na anayekuambia ubadilishe mabomba yote ya bafuni anatafuta kazi.

Jioni limejaa, asubuhi tupu

Hili ndilo linalogombanisha majirani. Mama mmoja wa Kinyerezi aliniita akiwa ameshaamua mwizi ni nani.

"Fundi, wale vijana wa nyuma wananichotea maji usiku."

"Wanaingilia wapi, mama? Geti si unafunga?"

"Nafunga. Ndiyo nakuambia ni wajanja."

Sakafu ilikuwa kavu, vyoo havivuji, mabomba yako wazi ukutani yanaonekana yote. Nilimwomba chaki. Jioni tukaweka alama nje ya tangi pale ubaridi ulipoanzia, tukafunga valvu ya bomba linaloingiza maji kutoka mtaani, tukaacha ya kutolea kama ilivyo. Asubuhi maji yalikuwa palepale penye chaki.

Mwizi alikuwa bomba la mtaa. Nyumba nyingi zimeunganishwa kwa bomba moja linalopandisha maji tangini na kuyashusha, likiingilia chini. Wengine bomba lao linaingilia juu, ila limeshushwa ndani mpaka likazama majini, eti lisipige kelele. Maji ya mtaani yakikatika, bomba la barabarani linabaki tupu, na jirani aliye bondeni akifungua koki yake, maji yako yanarudi kinyume kumfuata. Siku za mgao, kama ule wa Oktoba 2022 maji ya mto Ruvu yalipopungua, hali hiyo inaweza kudumu saa nyingi, na tangi la lita 1,000 likaisha bila tone kuanguka uwanjani. Dawa ni valvu isiyorudisha maji, ile yenye mshale ubavuni, ifungwe baada ya mita, mshale ukielekea tangini. Na mdomo wa bomba linaloingiza uwe juu ya usawa wa bomba la kumwagikia, lile linalotoa maji tangi likijaa kupita kiasi, usiguse maji kamwe. Hilo la pili lina faida nyingine kubwa: maji ya tangi lako, pamoja na chochote kilichotumbukia humo, hayarudi kwenye bomba ambalo mtaa mzima unakunywa.

Ikiwa maji yamepungua hata valvu ya kuingizia ilipofungwa, basi yanavuja upande wako. Anza na choo. Tia bluu ya kufulia kidogo kwenye tangi la choo, usivute kwa nusu saa, kisha chungulia kwenye sinki la choo. Ukiona rangi, mpira wa chini umechoka. Choo kinachovuja kimyakimya kinaweza kumaliza ndoo kwa ndoo usiku kucha na wala husikii.

Linamwagika halikomi

Boya. Litoe, litikise sikioni. Likicheza maji ndani limetoboka na haliwezi tena kuelea. Likiwa kavu, angalia mkono wake kama umepinda au unagusa ukuta wa tangi, halafu angalia kile kipira kidogo kinachoziba maji. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi na chokaa huacha ukoko mweupe hapo, na kipira hakikai sawasawa. Loweka kwenye siki usiku mmoja kabla hujanunua kipya. Kumbuka kuikosha siki yote kabla ya kurudisha.

Pampu ina vituko

Inaunguruma haizungushi: zima mara moja kabla haijaungua. Ama kapasita, kile kifaa cha umeme kinachoisaidia mota kuanza, imekufa, ama mapanga ya ndani yameshikwa na kutu kwa kukaa muda mrefu. Ukiwa umechomoa waya kwenye soketi, jaribu kuzungusha shafti kwa bisibisi kupitia nyuma ya feni. Ikilegea na kisha ikawaka vizuri, ilikuwa kutu. Ikizunguka kirahisi lakini bado inaunguruma tu, badilisha kapasita, na umpe kazi hiyo mtu wa umeme, maana kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Inazunguka haitoi maji: imepoteza maji yake. Fungua plagi ya juu, ijaze maji mpaka yafurike, funga, washa. Ikirudia kesho yake, hewa inaingia upande wa kuvuta, kwenye yunioni iliyolegea au futi valvu (valvu ya ncha ya chini ya bomba la kuvutia) isiyoziba. Usiiache ikizunguka kavu, sili yake hupoozwa na maji hayohayo inayovuta. Tena, pampu ya kukaa juu haivuti kutoka kina chochote unachotaka. Hata kwa hesabu ya vitabuni mwisho ni mita 10 na kidogo, na kwa vitendo usitegemee zaidi ya mita 7 au 8. Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo unahitaji pampu ya kuzamisha.

Inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, wakati hakuna anayetumia maji: kuna tone linavuja upande wa nyumba, na choo ni mtuhumiwa tena. Kama inafanya hivyo pale koki inapofunguliwa tu, angalia lile tangi dogo la presha la chuma. Bonyeza kipini cha valvu yake ya upepo: yakitoka maji badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka. Ikitoka hewa kidogo, zima pampu, fungua koki presha yote iishe, kisha jaza upepo mpaka baa 0.2 hivi chini ya presha inayowashia pampu. Pampu ya mguu ya fundi baiskeli inatosha.

Harufu, rangi, na vijidudu vinavyocheza

Kijani ukutani mwa tangi ni mwani, na mwani unataka mwanga. Matangi mazuri yana tabaka jeusi ukutani kwa ajili hiyo. Ukifunga mfuniko, ukachungulia kwa kitundu na kuona mwanga unapenya ukutani, jua utapigana na kijani daima mpaka ulijengee kivuli.

Harufu ya yai viza hutokana na bakteria wanaokaa kwenye tope lisilo na hewa, au maji yametoka nayo kisimani. Chota maji moja kwa moja kisimani kwa chupa safi, tikisa, nusa. Hayanuki? Basi ni tangi. Maji mekundu kama chai ya rangi ni chuma: kutu ya mabomba ya zamani, au maji ya kisima yenye madini ya chuma ambayo yanageuka rangi yakikutana na hewa. Hayo ya pili kusafisha tangi hakutayaponya, utahitaji kichujio.

Viluwiluwi ndivyo nisivyovifanyia mzaha. Dar es Salaam imeshapigwa na dengue, 2014 na tena 2019, na mbu wake, Aedes, anapenda maji yaliyohifadhiwa majumbani. Watu hawajui kwamba mayai yake hayamo majini. Anayabandika ukutani juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakumalizi kitu. Ukuta usuguliwe, hasa ule ukanda ambapo maji hupanda na kushuka, kisha kila tundu lizibwe kwa wavu mwembamba: mfuniko, kitundu cha hewa na bomba la kumwagikia. Hilo la mwisho husahaulika.

Lakini ukiziba, ziba kwa wavu na si kwa nailoni. Tangi likivutwa maji na hewa haina pa kuingilia, mbavu zake hubonyea kwa ndani. Ukikuta limebonyea hivyo, fungua mfuniko kwanza, mara nyingi hurudi lenyewe.

Na ufa je? Kama uko kwenye kitako, chunguza sakafu ya mnara. Lita 1,000 ni tani nzima. Kokoto moja iliyosahaulika chini yake au mbao zilizoachana vinatosha. Gundi na silikoni hazishiki kwenye plastiki hii, utakaa nayo wiki mbili tatu tu. Tafuta anayechomelea plastiki kwa moto, kwa kijiti cha plastiki ya aina hiyohiyo, na msingi usawazishwe kabla tangi halijarudi.

Kulikausha kabisa

Hapa ndipo watu hudhani wamemaliza kumbe bado. Tundu la kutolea maji huwa limeinuliwa sentimita 5 hadi 10 kutoka kitako, makusudi, ili tope lisiingie kwenye mabomba. Kwenye tangi la lita 1,000 lenye upana wa mita 1.1 hivi, hizo ni lita 50 hadi karibu 100 zinazobaki hata koki zikiwa zimekauka. Uchafu wote umo humo.

Funga maji yanayoingia. Zima pampu, na uzime hita ya bafuni kwenye swichi kuu, isije ikawashwa kavu. Maji ya juu ni masafi, yatumie: fua, jaza ndoo, mwagilia. Yaliyobaki chini yavute kwa mpira. Ujaze mpira maji kwanza, ziba ncha zote kwa vidole gumba, ncha moja izamishe tangini, nyingine ishushe chini ya usawa wa kitako cha tangi, kisha achia. Usivute kwa mdomo, unakwenda kunywa tope. Ukiwa na mpira wa nusu inchi usiwe na haraka. Tangi zima huchukua saa moja na zaidi. Tembeza ncha yake kwenye tope kama unafagia.

Tangi lililo chini, likishabaki na maji kidogo, watu wawili wanaliinamisha na kumalizia, baada ya kufungua yunioni. La mnarani usiliinamishe hata kidogo. Malizia kwa kopo, sponji na matambara yaliyofungwa kwenye mti mrefu.

Kuhusu kuingia ndani: brashi ya mti mrefu inafika karibu kila mahali, kwa hiyo sioni sababu. Ile tabia ya kumtumbukiza mtoto kwa sababu ndiye anayepita mdomoni mwa tangi iachwe. Ndani kuna joto, hewa ni haba, na mtu akizirai humtoi kwa haraka. Kama tangi ni kubwa na hakuna namna, anayeingia awe mtu mzima, mfuniko uwe umekaa wazi saa kadhaa, mwenzake asimame mdomoni muda wote, na humo ndani isiwemo dawa yoyote wala pampu iliyochomekwa umeme.

Sugua kwa brashi na maji matupu, au sabuni kidogo ya vyombo. Brashi ya waya hapana; inakwaruza plastiki, na mikwaruzo ndiyo utando hushikia. Suuza, vuta tena, rudia mpaka maji yatoke kama yalivyoingia.

Kuua vijidudu

Njia ya kwanza ni kujaza tangi lote maji yenye klorini ya miligramu 50 kwa lita. Kwa lita 1,000 hiyo ni lita moja na nusu ya dawa ya madoa yenye klorini 3.5%, isiyo na manukato, au gramu 80 hivi za klorini ya unga ya 65%. Unga uuyeyushe kwanza kwenye ndoo, na uwe unatia unga kwenye maji, si maji juu ya unga. Soma asilimia kwenye lebo, zinatofautiana. Fungua kila koki mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha usiku mzima. Ukibanwa sana isipungue saa 4. Kisha mwaga yote.

Siku za mgao, kumwaga lita 1,000 kunauma, na mimi mwenyewe ningechagua njia ya pili: nusu kikombe cha dawa hiyohiyo, mililita 115 hivi, kwenye ndoo ya lita 20. Paka kuta zote kwa brashi ya mti mrefu au bomba la kupulizia, acha nusu saa ukuta ukiwa umelowa, suuza, vuta. Kasoro yake ni kwamba mabomba ya ndani hayajaguswa. Kama shida yako ilikuwa harufu inayotokea kwenye koki, rudi njia ya kwanza.

Vaa glavu na miwani, mfuniko ukiwa wazi. Dawa ya madoa usiichanganye na asidi ya kusafishia choo, wala siki uliyolowekea boya. Hutoa gesi ya sumu. Maji ya klorini usiyamwage kwenye shimo la choo, yatawaua bakteria wanaokula uchafu humo, wala kwenye bustani. Yaache tangini mfuniko ukiwa wazi na wavu juu yake mpaka harufu ya klorini iishe, au yatumie kuoshea sakafu na kibaraza.

Kujaza tena

Jaza robo, fungua koki ya uani kwanza, halafu za ndani moja moja, kutoka iliyo chini kwenda iliyo juu, ili hewa itoke mbele ya maji. Kabla ya hapo vua vichujio vya koki, maana tope lililotikisika litakuja huko. Hita iwashwe mwisho, baada ya bomba lake kutoa maji mfululizo bila kukohoa. Na kama maji ya mtaani hayajarudi hadi jioni, usiache tangi tupu juu ya mnara bila kulifunga kamba. Tangi la tani moja likiwa tupu ni plastiki nyepesi tu, na upepo wa usiku mmoja unatosha kuliangusha kwenye bati la jirani.